Vitabu vya Kupaka Rangi Vimetosha!



Nasema hili nikijua wapo watakaonuna. Tunawanunulia watoto vitabu vya kupaka rangi, kila kimoja kina msikiti, kuba na mwezi mchanga, basi tunaona tumeshawalea Kiislamu. Hebu mwulize mtoto huyo: kuba hiyo imesimamaje bila nguzo katikati? Atanyamaza. Na wewe baba yake utanyamaza.

Mwaka 2003 David Macaulay, mzaliwa wa Uingereza aliyehamia Marekani utotoni, alitoa kitabu kiitwacho Mosque. Michoro mwanzo mpaka mwisho: msingi unachimbwa, mawe yanachongwa, matao yanapanda, kuba inafunikwa, na pembeni kuna madrasa, hamamu na jiko la kulisha maskini. Msikiti wenyewe ni wa kubuni, lakini umefuata kazi za Sinan, msanifu wa masultani wa Uthmaniya, ambaye Suleymaniye yake mjini Istanbul ilikamilika 1557. Kanisa kuu Macaulay alishalichora 1973, piramidi 1975, ngome 1977. Wa kwetu ulisubiri miaka 30!

Wengine watasema huo ni mchezo, mtoto asome ya mtihani. Ndugu yangu, Nabii Nuh alijenga safina, Nabii Daud alifundishwa kutengeneza deraya, Nabii Ibrahim na mwanawe Ismail waliinua misingi ya Al-Kaaba. Walioona ujenzi wa Nuh ni mchezo ni wale waliopita wakimcheka, na tunajua waliishia wapi.

Mwanangu alitengeneza lori la waya, magurudumu vifuniko vya soda. Alilipeleka shuleni, mwalimu akalitupa jaani. Siku hiyo hiyo darasa zima lilikuwa likipaka rangi picha ya lori.

Lakini mwalimu tumwache, lawama ni yetu. Kilwa Kisiwani upo Msikiti Mkuu wa mawe ya matumbawe na chokaa, uliopanuliwa karne ya 14. Mababu walishona mtepe kwa kamba za minazi, bila msumari hata mmoja. Kitabu cha kumwonyesha mtoto kazi hizo hatua kwa hatua nimekitafuta maduka yote ya mjini kwetu, patupu. Kalenda zenye picha za misikiti zimejaa tele.

Wachoraji tunao, tunawaachia vibao vya maduka tu. Na kila Ijumaa tunachangishwa ujenzi. Kamati itakayoanza msikiti mpya imwite mchoraji mmoja, imlipe, akae na mafundi tangu siku ya kuchimba msingi. Mchango wa kwanza nautoa mimi.