Kosa Si la Kipimo, Bwana DeMarco

Mwaka 1982 Tom DeMarco, mwandishi wa vitabu vya uhandisi wa programu, aliwaaminisha mameneja kwamba mradi wa programu usiopimwa haudhibitiki. Mwaka 2009, katika jarida la IEEE Software, akalegeza kamba: miradi yenye manufaa makubwa haihitaji udhibiti mkali kiasi hicho. Nauheshimu ujasiri wake, ila sikubaliani na alipoishia. Swali si tupime sana au kidogo. Swali ni nani anafaidika na takwimu.

Tazama Apple, mwaka uleule wa 1982. Wahandisi walitakiwa kujaza fomu kila wiki, waeleze wameandika mistari mingapi ya msimbo. Mmoja wao, Bill Atkinson, alikuwa ameisuka upya sehemu ya QuickDraw, programu ya kuchora picha kwenye skrini, ikawa fupi na yenye kasi kubwa zaidi. Akajaza: hasi 2,000. Baada ya wiki chache wakubwa wakaacha kumdai fomu. Kazi safi kama ile, kwenye karatasi yao ilisomeka kama hasara!

Kituo cha Goddard cha NASA nacho kilikuwa na fomu. Tangu 1976 maabara yake ya uhandisi wa programu, pamoja na Chuo Kikuu cha Maryland na kampuni ya CSC, ilirekodi saa za kazi na hitilafu. Lakini Victor Basili wa chuo hicho na wenzake walitanguliza lengo, wakauliza maswali, ndipo wakachagua kipimo. Majibu yakawarudia waandaaji programu wenyewe, wakayatumia kukadiria na kuboresha miradi iliyofuata. Mpango huo ulidumu zaidi ya miaka 20.