Maski isihamishe nafasi

Ndugu mwandishi, katika makala yako umeeleza vizuri kujumlisha vekta mbili kwa alama moja ya +. Lakini maski, yaani sharti linalochagua vipengele vya safu, umeipita haraka mno, na hapo ndipo watu wanapoumia.

Nipo Bweranyange, Karagwe. Msimu wa kahawa ya maganda ninatunza safu mbili: kilo za kila mkulima na unyevu wa kahawa yake. Katika NumPy, maktaba ya Python, nikiandika kilo[unyevu < 13], napata safu mpya iliyo fupi zaidi. Kilo zipo, ila nafasi zimehama: mkulima wa saba amekuwa wa nne. Nikiisoma sambamba na majina, ninamwandikia mtu hela za jirani yake. Si jambo dogo kwa aliyehudumia mibuni mwaka mzima.

Lugha ya Fortran 90 ililitatua tatizo hilo zamani kwa WHERE na ELSEWHERE. Safu inabaki na urefu wake, na kila kipengele kinapata hesabu yake palepale kilipo. Hata prosesa zenye amri za AVX-512 zinafuata mwendo huo: kipengele kilichozuiwa na maski kinabaki na thamani yake ya awali au kinakuwa sifuri, lakini hakitoki mstarini.

Halafu kuna &. Katika Python alama hiyo ya “na” inatangulia < na >, kwa hiyo ukiunganisha masharti mawili bila mabano, mambo yanaharibika. Kwa mwanafunzi anayeanza, huo ni mzigo wa bure.

Wewe unayebuni lugha mpya ya programu, nakuomba: kulinda nafasi kuwe ndiyo kawaida, kufupisha safu kuombwe kwa neno lake.