Ratiba si Mpango

Neno la Kiingereza "schedule" limezoeleka mno katika ofisi na shule. Barua hutaja "shedyuli ya semina". Mkutanoni husemwa kwamba ujenzi "uko nyuma ya shedyuli", ilhali msemaji hana hata tarehe moja mkononi. Kosa hili si la lugha peke yake, bali pia ni la fikra.

Mpango hueleza jambo litakalofanywa na sababu zake. Ratiba huonyesha litafanywa lini, saa ngapi na nani. Mpango usio na tarehe haugeuki kuwa ratiba kwa kupewa jina la Kiingereza. Aidha, katika sheria neno hilo hilo huwa ni orodha iliyoambatishwa mwishoni mwa sheria, nayo kwa Kiswahili huitwa jedwali. Mfasiri asiyetofautisha maana hizo hupotosha sheria yenyewe.

Wakulima wa Milima ya Upare hawahitaji kamusi kulielewa jambo hili. Wilayani Same, katika vijiji kama Bangalala, maji ya mifereji hukusanywa usiku katika bwawa dogo liitwalo ndiva, na mchana hufunguliwa kwenda mashambani kwa zamu. Mkulima huilinda zamu yake. Hawezi kuridhika akiambiwa kwamba maji "yamo katika mpango", kwa sababu mahindi hayanywi mpango. Vivyo hivyo msaragambo, neno la Kipare lililopokewa na Kiswahili kwa maana ya kazi ya pamoja, haufanyiki mpaka wananchi wajue siku ya kukutana.

Liko kosa jingine lenye madhara zaidi. Saa 8 asubuhi ya Waingereza ni saa 2 asubuhi ya Kiswahili. Karani anayenakili tarakimu bila kufasiri, akaandika "saa 8", humteremsha mzee kutoka mlimani hadi Same mjini mchana, wakati shughuli aliyoitiwa imekwisha.

Mwaka 1967 Serikali iliagiza Kiswahili kitumike katika shughuli zake, na mwaka huo huo Baraza la Kiswahili la Taifa likaundwa kwa sheria. Kwa hiyo kisingizio cha kukosa maneno hakina nafasi. Atoaye ratiba na aandike tarehe, saa na jina la mhusika. Asiyekuwa navyo na akiri kwamba alicho nacho ni mpango tu, ili wananchi wajue kama waje au wangoje.