Acheni Kuwacheka kwa "Many Waters"

Hivi nani alitudanganya kwamba mwanafunzi wa Kasokola akiandika "many waters" basi kichwa chake kizito? Kicheko hicho kimenichosha. Wanaocheka ndio hawajaisoma lugha yao wenyewe.

Mtoto huyo hakubahatisha, kafuata sarufi. Kwetu maji ni mengi, mafuta ni mengi, mahindi nayo ni mengi. Mwingereza vitu hivyohivyo anavihesabu kama lundo moja, kwa hiyo anasema "much water", "much maize". Habari kwetu ni nyingi, kwake "news" ina "s" mkiani lakini inakwenda na "is". Mtoto ambaye pengine alianza na Kibende au Kisukuma, kisha Kiswahili, leo yuko kidato cha kwanza, atayajuaje haya kama hakuna aliyemwonyesha? Viboko havielezi kitu.

Na dawa iko hapohapo kijijini. Mkulima anayepima mahindi hahesabu punje, anahesabu debe. Debe moja, madebe mawili. Kiingereza kinafanya vilevile: "maize" haiguswi, kinachoongezeka ni gunia: "one bag of maize", "two bags of maize". Somo limekwisha, tena kwa dakika tano.

Tuje kwenye "every". Eti nayo ni ngumu! Jamani, tuna "kila". Husemi "kila wanafunzi", unasema "kila mwanafunzi". Kwa nini basi uandike "every students"? Kanuni ni ileile: kundi zima, lakini mmoja mmoja. Hata pale kanuni inapolegea, lugha zote mbili zinalegea pamoja: "kila miaka mitano", "every five years". Zawadi iliyoje kwa mwalimu!

Lakini zawadi hiyo tunaitupa. Tangu 1967 shule za msingi za serikali zinafundisha kwa Kiswahili, kisha mtoto anaingia sekondari na kuambiwa aache Kiswahili getini. Yaani tunamnyang'anya jembe halafu tunamcheka kwamba hajalima.

Mtaniambia Kiswahili kinawachanganya. Kwenye maji, kweli kinachanganya, na ndiyo sababu hasa ya kukitaja darasani: kosa lenye chanzo kinachojulikana linatibika. Kwenye "kila" kinasaidia. Kukinyamazisha kunatukosesha faida zote mbili.

Nanyi mnaocheka, jisikilizeni kwanza. Mara ngapi mmesema "kila mmoja wao wana haki"? Ni "kila mmoja wao ana haki", kama vile "each of them has". Kosa lenu na la yule mtoto aliyeandika "each of them have" ni moja. Tofauti ni kwamba yeye alikuwa anajaribu lugha ya tatu, nyie mlikuwa kwenye lugha yenu.