Ngazija: Wana Kura, Hawana Kauli

Wahenga walinena kwamba penye wazee haliharibiki neno. Hawakutuambia, hata hivyo, mzee ni nani. Sisi wa pwani ya Kenya twajibu upesi: ni yule aliyekula chumvi nyingi. Lakini huko Ngazija, kisiwa kikubwa cha Komoro, ambako baadhi ya jamaa zetu wa Mombasa na Unguja wana asili yao, jibu ni jingine.

Huko mtu hawi mtu mzima kwa mvi. Huwa mtu mzima kwa anda, yaani ile arusi kubwa ya kimila inayokula dhahabu, ng'ombe, karamu na, mara nyingi, akiba ya miaka mingi ya kazi ya Ufaransa. Aliyeitimiza huketi mbele katika bangwe, uwanja wa mji, na kauli yake husikizwa. Asiyeitimiza, hata akiwa na miaka sitini na shahada ya chuo kikuu, huhesabiwa mwana wa mji. Hutumwa, hashauriwi.

Ali Soilihi, aliyetawala kutoka 1976 hadi 1978, alitaka kuing'oa mila hii kwa nguvu na kuwapa vijana madaraka. Alipopinduliwa na mamluki wa Bob Denard, anda ilirudi kama maji ya bamvua. Kisha ikaja kura. Mwaka 1990 Wakomoro walimchagua rais katika uchaguzi wa vyama vingi. Mwaka 2015 wakachagua halmashauri za miji yao kwa mara ya kwanza. Leo kuna meya mwenye muhuri, na kuna wazee wenye bangwe. Meya akiwa hajafanya anda, atamwamrisha nani?

Wazee nao wamejua kuitumia kura. Mara nyingi wao huketi kwanza wakaafikiana juu ya mgombea, na mji ukatarajiwa kumfuata. Na mwanasiasa naye ajua kwamba arusi yake ni kampeni kubwa kuliko hotuba kumi. Basi kura haikuivunja anda, imeiongezea bei.

Hatusemi kwamba anda ni ovu. Wazee hao husuluhisha magomvi ambayo yangefika mahakamani, na michango ya anda imejenga misikiti na shule. Wala sanduku la kura si malaika. Kura ya maoni ya 2018, iliyosusiwa na upinzani, ndiyo iliyomruhusu rais kutawala vipindi viwili mfululizo, ikadhoofisha ile zamu ya urais baina ya Ngazija, Nzuani na Mwali iliyowekwa mwaka 2001.

Kinachotusikitisha ni kauli kuwa na bei. Kurani ina sura nzima iitwayo Shura, na mwenye kushauriwa haulizwi kwanza amechinja ng'ombe wangapi. Je, wanawake wa Ngazija, ambao kwa mila ndio wenye nyumba, lakini hawaketi bangweni, hawana la kusema?

Nasi tusiwacheke jirani. Tangu serikali za kaunti zianze mwaka 2013, ni mara ngapi katika baraza zetu za Lamu na Mombasa tumemsikiza mgombea kwa uzito wa mkoba wake, na maskini mwenye rai njema tukamwambia anyamaze?

Rai yetu ni kwamba wazee wabaki na bangwe lao, lakini wana wa mji wafunguliwe mlango kabla ya siku ya kura, si siku yenyewe. Kijana mwenye kura asiye na kauli ni kama baharia aliyepewa kasia, asiambiwe mashua yaelekea wapi. Atapiga kasia leo na kesho. Kesho kutwa ataitupa baharini.