Nasaha za Mwezi: Kijana Anapogoma Kutia Saini



Vijana wetu waliokulia huku Marekani wengi wao wameupenda mpira wa Kimarekani, ule wa kofia ngumu na mabega yaliyovimbishwa. Aghalabu ifikapo Julai huleta nyumbani habari ya mchezaji mpya aliyekataa kuingia kambini mpaka mkataba wake utengenezwe. Wazee hustaajabu: mtu hukataaje mamilioni? Jambo hili lina sababu zake, na ndani yake mna funzo.

Kila mwaka timu za ligi ya NFL huchagua kwa zamu vijana wanaotoka vyuoni. Aliyekwisha kuchaguliwa hana ruhusa ya kujadiliana na timu nyingine, hivyo silaha yake ni moja tu: kuizuia saini yake. Mwaka 1986 Bo Jackson alichaguliwa wa kwanza na Tampa Bay, akakataa katakata, akaenda kucheza besiboli.

Upande wa pili pana kikomo cha mishahara, kilichoanza mwaka 1994 kwa dola milioni 34.6 kwa kila timu. Isipokuwa mwaka 2010, kikomo hicho kimedumu, na mwaka 2025 kilifika milioni 279.2. Maana yake ni kwamba mfuko ni mmoja. Anachozidishiwa mgeni hupungua katika fungu la wenziwe.

Hapo ndipo ugomvi ulipozuka. JaMarcus Russell, wa kwanza mwaka 2007, aligoma hata msimu ukaanza, akapata dola milioni 61 kwa miaka sita. Mwaka 2010 timu ikamwacha. Mwaka huohuo Sam Bradford alipewa milioni 50 za uhakika kabla hajacheza hata mchezo mmoja. Wakongwe wakanung'unika, na wenye timu wakaogopa.

Kwa hiyo katika mapatano ya mwaka 2011 waliwekewa wageni ngazi ya malipo kulingana na nafasi ya kuchaguliwa. Mkataba wa aliyechaguliwa ukawa wa miaka minne, wala haufunguliwi upya kabla msimu wa tatu kwisha. Cam Newton, wa kwanza mwaka huo, alipata takriban milioni 22.

Migomo ikapungua, lakini haikwisha. Mwaka 2016 Joey Bosa alikaa nje mpaka mwisho wa Agosti. Hoja hazikuwa ukubwa wa fedha, bali malipo ya kutia saini yatatolewa lini, na kama akiachwa kisha akaajiriwa kwingine, je, timu ya kwanza itakata deni lake? Mwaka 2025 nao vijana wa duru ya pili walichelewa kutia saini wakidai fedha zao zote ziwe za uhakika, baada ya mwenzao Jayden Higgins kuupata mkataba wa namna hiyo.

Wazazi wenzangu, katika mchezo ule timu huweza kumwacha mchezaji, na fedha zisizodhaminiwa zikapotea. Tarakimu inayotangazwa magazetini siyo inayoingia mfukoni. Nasi, tuletewapo karatasi ya kazi, ya nyumba au ya mkopo, tuulize maswali yaleyale: kipi ni cha hakika? Kitalipwa lini? Tukiachana, nani atamdai nani? Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Tusione haya kuuliza kabla ya kutia saini, kwani baada yake huuliza mwenzetu.