Usiposti taa ambayo hujawahi kuifunga kwenye pikipiki

Wauzaji wenzangu wa mtandaoni, hasa sisi tunaouza urembo wa pikipiki: taa za LED, kava za siti, stika za tenki, vioo, ngao za mbele. Leo nasema kitu ambacho wengine hamtakipenda. Kama kifaa hujakifunga wewe mwenyewe, kwenye pikipiki yako au ya jirani, usikiposti na kuandika "inafunga pikipiki zote". Hakuna kinachofunga pikipiki zote. Hata kioo cha pembeni tu, kuna cha bolti ya milimita 8 na cha milimita 10.

Najua jibu lenu: "Mi nauza, kufunga ni kazi ya fundi." Sawa, kama mteja yuko mtaa wa pili. Ila wateja wetu wengi wanapokea mzigo stendi, Ifakara huko au Tunduma, wanaenda nao nyumbani, wanakaa chini ya mti na bisibisi na kisu cha jikoni. Fundi ndo yeye. Na maelekezo pekee aliyonayo ni yale uliyoandika chini ya picha.

Chukua taa za spoti, maana ndo zinauzika na ndo zinaunguza. Pikipiki nyingi za huku, iwe Boxer au TVS, zina betri ya volti 12. Taa ya wati 40 ukigawa kwa 12 unapata ampea 3 na kidogo. Zikiwa mbili zinakaribia 7. Umeme huo ukiupitisha kwenye kiswichi cha bei rahisi na ule waya mwembamba unaokuja kwenye boksi, waya unapata moto. Na kama hakuna fyuzi karibu na betri, siku waya ukichubuka ukagusa chesisi hakuna cha kuuzuia.

Mwezi wa nne alikuja dukani kwangu kijana wa bodaboda, pikipiki ya mkataba. Taa alinunua kwa muuzaji mmoja wa mtandaoni, akazifunga usiku nyumbani, waya moja kwa moja kwenye betri. Waya ulipita chini ya tenki, ukawa unasuguliwa pale shingo ya usukani inapogeuka. Waya zote za mbele ziliungua. Siku nne hakupiga kazi, na hesabu ya bosi elfu nane kila siku inamsubiri. Alipomtafuta muuzaji, akablokiwa. Alinionyesha ile posti. Picha kali kweli, taa zinamulika ukuta. Neno fyuzi halipo.

Yule muuzaji hakumtapeli. Taa zilikuwa nzima kabisa. Ndo maana nasema hili ni letu sote.

Kuna swali nalipenda kumuuliza mteja kabla sijapokea hela: "Bro, ukizungusha ufunguo bila kuwasha injini, taa kubwa inawaka?" Akisema haiwaki, mara nyingi taa hiyo inapata umeme moja kwa moja kutoka kwenye mashine, sio kwenye betri. Akiunganisha LED kwenye waya huo inaweza kupepesa, na injini ikinguruma taratibu inafifia. Kesho atakuambia umemuuzia feki. Utajuaje hayo kama hujawahi kufungua taa ya mbele? Mimi fizikia ya wati na volti niliisoma mpaka form four, ila niliielewa uani kwetu, nikiwa na mita ya elfu kumi na tano.

Kwa hiyo taa siuzi tupu. Naweka fyuzi ya ampea 10 na kishikio chake, rilei, swichi, waya mnene mita 3 na tai za plastiki. Naandika kwa mkono kwenye karatasi: fyuzi ikae karibu na betri, waya wa kuamsha rilei utoke kwenye umeme wa ufunguo, ili ukizima pikipiki na taa zizime, kabla hujakaza tai, geuza usukani mpaka mwisho kushoto na kulia uone kama waya unavutwa. Halafu namtumia video ya dakika moja nikifunga kwenye pikipiki yangu, sauti ya kuku wa mama ikiwemo.

Seti inazidi bei ya taa tupu kwa kama elfu saba, na kuna wateja nawapoteza. Waende. Wengine wanarudi baadaye kuulizia rilei tu.

Stika na kava za siti hazina hatari hiyo, hapo usijitese. Pima urefu, mwambie mteja aoshe tenki na kulipangusa kwa spiriti, basi. Rangi ya kupuliza ndo uwe mkweli: kadi ya pikipiki imeandikwa rangi. Anayegeuza nyekundu kuwa nyeusi ana safari ya TRA, na bora aisikie kwako kabla ya kuisikia kwa trafiki. Vimulimuli vya bluu na nyekundu mi siuzi kabisa, hata mkiniita mwoga.

Sasa hivi nimejifungia indiketa za LED. Zinapepesa mbio mno, kwa sababu flasha ya zamani imezoea balbu zinazokula umeme mwingi. Flasha ya LED nimeshaagiza Kariakoo. Ikikubali, na zikimaliza mvua hizi bila kuingiza maji, nitaziposti pamoja na flasha yake. Kwa sasa hazina bei, msinijie inboksi.